Mkono Niliouficha Kifuani

Nilimwahidi Zulfa kwamba kabla ya siku ya nikahi ningemwendea baba yake mimi mwenyewe na kumwonyesha viganja vyangu. Sikufanya hivyo, na aibu iliyonifika msikitini Usagara, mbele ya safu nzima ya wakwe, naisimulia leo uso ukinichoma.

Viganja na nyayo zangu zina ngozi nene, ya manjano, ngumu kama kwato, kama waliyokuwa nayo marehemu mama na babu aliyemzaa. Haiambukizi. Ni hali adimu ya kurithi, na (cheka ukipenda) mimi ni mwalimu wa baiolojia, ninayefundisha urithi darasani kila mwaka! Daktari alinielekeza vizuri: loweka kwa maji ya uvuguvugu, sugua juu juu tu, paka marhamu, usichimbe.

Lakini kila nilipofika kwa Mzee Sefu, babake Zulfa, pale Makorora, ulimi uliniwia mzito, nikawa namwamkia shikamoo kiganja nimekiweka kifuani, naye akadhani ni adabu. "Kijana huyu ametulia," aliwaambia wageni. "Wenziwe hukurupuka kukubana mkono kama wanabonyeza papai sokoni." Nami, badala ya kusema, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Asubuhi ya nikahi niliamua jambo dogo tu, kusugua kidogo zaidi ili mkono uwe laini kwa muda mfupi ambao Mzee Sefu angeushika akiniozesha. Nikasugua, nikaona unalainika, nikanogewa, nikasugua tena kwa jiwe mpaka ngozi ikawa nyekundu, nikapaka marhamu tele, nikavaa kanzu nikijiona nimeshinda.

Msikitini, Mzee Sefu akanikamata kiganja kwa nguvu za mzazi anayemkabidhi bintiye. "Nimekuoza binti yangu Zulfa..." Ngozi ikapasuka. Badala ya "nimekubali" nikatoa "Mama yangu wee!", nikauvuta mkono, ukachomoka kwa yale mafuta, na damu ikadondokea kanzu nyeupe ya mkwe.

"Kashindwa na baba," mtu akanong'ona nyuma, "ataweza binti?" Wakacheka. Kisha mwingine akauliza, "Isije ikawa ukoma?" Kicheko kikakatika.

"Mwanangu," Mzee Sefu aliuliza, "hiki nini?"

Nikakificha kiganja kifuani. Mjomba wa Zulfa akampigia bibi harusi simu nyumbani, kisha akatuambia, "Zulfa anasema yeye anajua. Aseme huyo alichomwahidi."

Nikasema, mbele ya msikiti mzima: kwamba haiambukizi, kwamba hakuna dawa ya kuiondoa bali matunzo ya kila siku, na kwamba kila mtoto tutakayemzaa anaweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu.

"Hilo la watoto," Mzee Sefu alijibu polepole, "ungelinambia barazani kwangu, tungelizungumza tukinywa kahawa. Leo unanambia huku damu yako iko kwenye kanzu yangu. Nikahi ingoje."

Pilau ililiwa kimya kama ya matanga. Ilimchukua Mzee Sefu miezi kuniita tena, na tulifungishwa ndoa sebuleni, watu wachache, bila ngoma. Bibi yake Zulfa, aliyekuja siku ile ya kwanza kutoka Horohoro na kibwebwe chake tayari mkobani ili acheze harusi ya mjukuu, alikuwa ameshafariki.

Ngozi yangu haikumnyima bibi yule harusi, nilimnyima mimi. Basi nakuomba, wewe mwenye hali kama yangu: waonyeshe watu wako mkono mapema, mkiwa mmekaa peke yenu.