Rangi Nyeusi kwenye Ekseli

Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari ya zamani ya porini, yale yenye mabati mazito na springi ngumu kama kitanda cha bwenini. Gereji yake ilikuwa uani kwake. Madereva walimwita Maridadi, kwa sababu hakurudisha gari kabla ya kuipaka ekseli, lile bomba la chuma linaloshika magurudumu, rangi nyeusi, hata upande ambao hakuna mteja angeinama kuutazama.

"Nani anaangalia huko?" walimtania.

"Mimi," aliwajibu.

Gari la muuza maziwa ndilo lililomwaibisha. Alikuwa amelibadilishia sili za ekseli ya nyuma, zile pete za mpira zenye mdomo mwembamba unaoukumbatia mhimili, ili mafuta ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, yasivuke kwenda kwenye gurudumu. Wiki haikuisha, likarudi. Mafuta yalikuwa yamepenya, yakachanganyika na grisi, yakalowesha breki. Nusura muuza maziwa aingie kwa kinyozi na madumu yake yote.

Sili hizo alikuwa amezinunua kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye duka la spea mtaa uleule. Mjomba hakufikiri mara mbili. Alisimama barabarani mbele ya duka lililojaa madereva, sili iliyolowa mkononi.

"Shemeji, unatuuzia takataka! Unataka watu wafe?"

"Hebu ingia ndani tuzungumze, shemeji."

"Nifuate nini ndani? Bandia ni bandia!"

Madereva wakahamia duka la mtaa wa pili. Mkewe na mdogo wake wakaacha kutembeleana. Mjomba naye akanunua sili kule walikohamia wenzake, akazifunga kwenye gari lilelile. Nazo zikavuja.

Safari hii hakuwa na wa kumtukana. Gari lilipoingia uani, bado la moto, alijilaza chini yake akaanza kuipapasa ekseli. Kidole kikakuta uvimbe mdogo, mgumu, mahali palipopaswa kuwa na kitundu cha kupumulia. Ekseli ikipata joto, hewa iliyomo ndani hutanuka na kutokea hapo. Kitundu kilikuwa kimezibwa na rangi yake mwenyewe. Hewa ilipokosa njia, iliyasukuma mafuta yakapita kwenye midomo ya sili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Alikichokoa kwa waya. Ekseli ikashusha pumzi ndefu, na yeye akabaki palepale, amelala kwenye vumbi.

Mkewe alipoleta chai aliona miguu tu.

"Umelala?"

"Aibu, mke wangu. Sijui nitokeje."

Akamweleza yote. Mkewe aliweka kikombe chini.

"Mdogo wangu anashinda dukani akifukuza nzi, halafu unaniuliza utokeje? Tambaa!"

Mjomba aliingia dukani kwa shemeji kupitia mlango wa nyuma. Alimkuta akifuta vumbi kwenye maboksi ya beringi.

"Nimekosa, shemeji," alinong'ona. "Sili zako zilikuwa nzima. Ni rangi yangu iliyoziba kitundu."

"Sikusikii."

"Nimesema ni rangi yangu."

"Siku ile hata kinyozi alikusikia. Leo koo limepatwa na nini?"

Mjomba alichungulia nje. "Lakini hakuna mtu, shemeji."

"Hakuna, kwa kazi yako. Wako mtaa wa pili. Tangulia."

Shemeji alifunga duka, akamfuata nyuma. Mjomba alitembea kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mbele ya duka lile walisimama haohao waliomsikia siku ile, na muuza maziwa akiwa miongoni mwao. Alisema yote bila kuinua macho: rangi, kitundu, mafuta, na jinsi alivyomchafulia mwenzake jina bila hata kukagua kazi yake mwenyewe.

Kisha dereva mmoja akauliza, "Kwa hiyo, Maridadi, ulikuwa unaipaka wanja mpaka puani?"

Kicheko kililipuka. Mjomba alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Shemeji yake hakucheka. Alimgusa begani, akamwonyesha mtu aliyekuwa akiegesha gari.

"Rudia. Huyu ndiyo kwanza anafika."

Akarudia.