9973, Namba Yangu na Mama

Harufu ya maharage makavu yakimwagwa kwenye ungo, ile ya vumbi na gunia, hunirudisha moja kwa moja barazani kwetu mtaa wa Ngagara, mwaka tuliohamia Bujumbura kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Nilikuwa darasa la sita, mgeni, na kiranja alipenda kuniigiza nikiongea. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alileta namba aliyodai ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na darasa zima lilijaribu kuivunja. Isipovunjika, na mwenyewe akaeleza kwa nini, mwalimu aliiandika ukutani kwa rangi, pamoja na jina lake. Nililitaka jina langu pale kuliko chakula.

Wenzangu walileta 211, walileta 307. Mimi, kwa kiherehere changu, nikatangaza 9973 kabla hata sijaijaribu. Nikagawanya kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, na kila mara kikabaki kitu. Alhamisi jioni nilikuwa nimefika 99, daftari limejaa, na mbele kuna maelfu ya namba sijazigusa. Nikalia. Mama, aliyeacha shule darasa la tatu, alikuwa anachagua maharage. Akaniuliza kugawanya ndiyo nini. Nikampangia maharage kumi na mbili kwenye ungo: mistari mitatu ya manne manne, kisha minne ya matatu matatu. Akacheka, akauzungusha ungo.

“We mutoto, si ni kitu kimoja, umegeuza tu ungo? Mustari ikiwa murefu huku, kule inakuwa mufupi. Na ile mufupi ulishaka pima!”

Nilishaipima kweli? Nikalifungua tena daftari. Mia mara mia ni elfu kumi, na 9973 haifiki hapo. Kwa hiyo kigawanyo chochote kinachozidi mia lazima kiwe na mwenzake aliye chini ya mia, na wa chini ya mia nilikuwa nimewajaribu wote. Nilikuwa nimemaliza bila kujua!

Kesho yake kiranja aligawanya kwa kumi na tatu, ikabaki mbili, akatupa chaki. “Apana, hii haivunjike!” Mwalimu akaniuliza nimejuaje kwamba nimefika mwisho. Nikaeleza habari ya ungo, na ingawa nilitaka sifa iwe yangu peke yangu, nikasema aliyenionyesha ni mama. Akaandika majina mawili. Siku ya wazazi mama alisimama chini ya ukuta ule akilisoma jina lake herufi kwa herufi, na mimi nilijaa furaha.

Leo binti yangu huiuliza simu kama namba ni tasa, nayo hujibu kabla hajafumba jicho, na kompyuta zimepata namba tasa zenye tarakimu mamilioni. Nafurahi. Ukuta ule umepakwa rangi mara nyingi, majina yetu hayapo. Juzi nilimkuta mama, mzee sasa, na ungo wake mapajani, nikamuuliza kama anakumbuka ile namba.

“9973,” akasema. “Ilishaka vunjika?”

“Apana, mama.”

“Haya,” akasema, akaendelea kuchagua maharage.