Nilipojibu Kwamba Tuko Wawili

Ningekataa kuweka sahihi asubuhi ile ya Jumamosi, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia. Najua utasema mzee amechoka akili. Sema. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, hapa hapa nyuma ya mtaa wa Umoja.

Nilikuwa msimamizi wa usalama kwenye shimo la majaribio. Kabla reli ya chini ya ardhi haijajengwa, hata kabla mkandarasi mkuu hajapatikana, wapangaji hutaka kujua ardhi ikoje. Basi kampuni ndogo hupewa kandarasi ya kuchimba shimo la kwenda chini, kisha njia fupi ya pembeni kama korido, ili wahandisi waupime udongo. Letu lilikuwa na kina cha ghorofa sita. Juu ni ule udongo wetu mweusi wa Eastlands unaovimba mvua ikinyesha. Chini yake kuna mwamba laini, na huo ukiuamini unakumeza.

Kila aliyeshuka alitundika kibati chake chenye namba kwenye ubao wa mlangoni, akitoka anakichukua. Na hakuna aliyeruhusiwa kuchimba hatua nyingine kabla fremu ya chuma haijasimamishwa kushikilia dari. Mimi ndiye niliyekuwa nikiweka sahihi kwamba fremu imesimama na nimeiona.

Siku ile fremu hazikuwa zimeletwa. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu, na korido ilikuwa fupi kuliko mkataba ulivyotaka. Injinia, kijana wa haraka haraka, akanisukumia fomu.

"Mzee, weka tu. Ni mita mbili."

"Sijaona fremu, injinia."

"Chuma ni chuma, mzee, utaiona kesho. Ama nitafute msimamizi mwingine?"

Nikaweka sahihi. Nilikuwa na miaka sitini na miwili, niliogopa kurudi nyumbani kukaa. Hicho ndicho kisingizio changu, na hakitoshi.

Walichimba mita zile mbili. Saa ya chakula ilipofika wote wakapanda juu, nami dhamiri ikaanza kunisumbua. Nikatundika kibati changu, nikashuka peke yangu kuitazama ile dari. Nilimsikia Wafula akinitania kutoka juu, "Shemeji, usilale huko, maharagwe yako nitakula!" Wafula alikuwa kaka yake mke wangu. Mimi ndiye niliyemtoa Bungoma nikamwingiza kazini.

Mwisho wa korido nilimkuta mtu ameketi, mgongo ukutani. Mtu mzima, koti la kaki, viatu safi. Viatu safi, ndugu yangu, mahali ambapo hata kucha hujaa tope! Na ubaoni sikuwa nimeona kibati kingine.

"Wewe ni wa zamu gani?" nikamwuliza.

"Keti, mzee," akasema kwa upole. "Si umekuja kukagua ulichokwisha kukubali?"

Niligeuka nitoke. Dari ikashuka mbele yangu. Wala haikunguruma, ilitua tu, kama gunia la mahindi likiwekwa sakafuni. Taa ya kofia ikanionyesha ukuta wa udongo pale nilipopitia. Nilibakiwa na nafasi ya upana wa kitanda, bomba la hewa ambalo kwa bahati lilikuwa zima, na yule mtu.

Unajua kufungiwa ni nini? Kulikuwa na giza, ndiyo, lakini giza nilikuwa nimelizoea. Kilichonitesa ni pumzi yangu mwenyewe kunirudia usoni kama ya mtu mwingine. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Yeye hakutikisika. Nikamwelekezea taa. Vumbi lilikuwa likielea kila mahali kwenye ule mwanga, lakini mbele ya pua yake lilitulia tuli. Hakuwa anapumua. Nilitaka kusogea, pa kusogea hapakuwapo. Magoti yetu yalikaribia kugusana.

"Watauliza idadi," akaniambia. "Uwajibu unachokiona."

Sijui zilipita saa ngapi. Ndipo sauti ya Wafula ikaja bombani.

"Shemeji! Mko wangapi huko?"

Ndivyo tulivyofanya kazi. Kabla ya kuokoa, uliza idadi, na anayejibu ahesabu kila anayemwona. Mimi ndiye niliyewafundisha. Ningesema nini, wakati alikuwa mbele yangu ananitazama?

"Wawili!"

"Ubaoni kuna kibati kimoja!"

"Wawili, Wafula. Kuna mtu hapa."

Walichimba kwa majembe mafupi, mwisho kwa mikono. Nikavutwa kupitia tundu ambalo hata mbuzi angelikataa. Wafula ndiye aliyekuwa mbele. "Shem, punguza ugali, karibu ukwame!" akacheka, akanipiga mgongoni, kisha akaingia tunduni kumtoa wa pili.

Nilifungua mdomo. Niamini, nilitaka kumwambia yule si mtu. Lakini je, kama alikuwa mtu? Nikasita kiasi cha pumzi mbili. Dari ikashuka tena.

Walimtoa Wafula jioni, tayari amekufa. Walichimba mpaka mwamba mgumu wakimtafuta yule mwingine. Hawakupata mtu, wala uzi wa koti.

Tangu siku hiyo siwezi kupanda lifti, na mlango wa chumba changu haufungwi. Mgeni akiniuliza tuko wangapi nyumbani, mimi hutazama kila kona kabla ya kujibu.

Wewe unayefanya kazi hizi, au mwanao atakayezifanya, nisikilize. Ukiambiwa ukubali kwa kalamu kitu ambacho jicho lako halijakiona, kataa, hata ukafukuzwa. Na ukimkuta chini ya ardhi mtu asiyejulikana ubaoni, usimhesabu.

Yule injinia simlaumu. Kalamu nilishika mimi. Wachunguzi walipoleta fomu, mke wangu aliliona jina langu chini yake. Alikunja nguo zake, akarudi Bungoma kulea watoto watatu wa kaka yake. Sahihi yangu ilimuua Wafula, na mke wangu hajanisemesha tena.