Mwavuli Uliotaka Kuulizwa

Mwanangu alikuwa akizungumza nami kwenye simu kama mtu anayejibu maswali ya karani wa zahanati. Shikamoo mama. Sijambo. Shule nzuri. Nimekula. Kisha, kabla sijavuta pumzi ya swali jingine: "Bibi huyu hapa." Simu inahamia kwa mama yangu, nami nabaki na habari za kuku. Nilimwacha Tanga ana miaka mitano nilipokuja kufanya kazi huku Uarabuni, sasa ana tisa, na likizo mbili nilizisogeza mbele kwa sababu nyumba ninayoijenga kwetu ilikuwa haijaezekwa. Ya tatu nayo nilishamwambia msimamizi wangu hotelini kwamba siendi. Nilijidanganya kwamba mtoto anaelewa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuzoea nisiwepo, na hilo lilinitisha kuliko kitu chochote.

Kilichotuokoa ni katuni. Mama ndiye aliyenishtakia: mtoto kutwa yuko kwenye simu ya mjomba wake, anatazama majini ya Kijapani. "Njoo uone mwenyewe mwanao anavyochekea vizuka," alisema. Kuja sikuweza, lakini kutazama niliweza. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupumzika, basi nikajilaza chumbani kwetu Fereej Bin Mahmoud, nikaitafuta hiyo katuni, nikaanza kusoma maandishi ya chini kwa Kiingereza changu cha kuulizia wageni taulo.

Hadithi yenyewe ni ya Japani ya kale, enzi za panga na taa za karatasi. Kuna bwana mmoja mpiga upanga, nywele kafunga kishungi, mdomo mrefu kuliko upanga wake, anayetangaza mtaa mzima kwamba yeye ni mfukuza vizuka. Kumbe akisikia mlango unakwaruza tu, anapanda juu ya kabati. Nyumbani kwake kuna mwavuli mkuukuu wenye mguu mmoja na jicho moja, ambao kila mvua ikinyesha unarukaruka hadi kizingitini na kulia. Bwana anakimbia, anatumbukia kwenye pipa la achari. Sehemu nzima ndiyo hiyo. Inayofuata ni hivyo hivyo, ila pipa ni la samaki.

Ninayekaa naye chumbani ni Mkenya wa Nakuru, mlinzi kwenye jengo moja kule Lusail, mlokole asiyetaka mchezo na mashetani. Alitazama dakika mbili begani kwangu. "Aki wewe. Hiyo ni nini sasa?" Nikamwambia ni mwavuli. Akasema anaona ni mwavuli, anauliza unalilia nini. Hapo hasira zikanipanda, maana yule mpumbavu mwenye upanga alikuwa hajauliza hata mara moja.

Kwetu pepo hakimbiwi. Akimpanda mtu, anakalishwa, anafukiziwa ubani, anaulizwa kwa adabu: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Naye atasema. Mmoja atataka kitambaa chekundu, mwingine marashi. Jirani yetu mmoja alikuwa na pepo asiyetaka ila soda ya machungwa, tena ya baridi, na sisi watoto tulimwonea wivu sana yule mama.

Jumamosi iliyofuata, mtoto alipofika kwenye "nimekula", nikamuwahi. "Yule bwana wako wa upanga hana adabu. Mbona hajauuliza mwavuli unataka nini?"

Nikasikia kuku tu. Nikadhani ameshampa bibi yake simu.

"Mama," akasema, "kwani na wewe unatazama?"

"Natazama. Mtu mzima anakimbia mwavuli."

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu ang'oke meno ya mbele. Akaniambia Wajapani hawana ubani. Nikamwambia wanao, wanauchoma kwenye sehemu ya tatu, nimeona kwa macho yangu. Akasema naangalia ovyo, ile ni dawa ya mbu. Tulibishana mpaka bando la mjomba wake likakata.

Basi Jumamosi zikawa zetu. Kazini nikawa kichekesho. Mlangoni pa hoteli yetu, West Bay, kuna miavuli ya kuwakinga wageni jua, na siku moja mwenzangu alinikuta nafuta mmoja huku nikiuuliza kwa upole unataka nini. Alimwambia kila mtu, hadi wapishi.

Sehemu ya mwisho mtoto alitaka tuitazame saa ile ile, yeye kule, mimi huku. Nikaazima simu ya mlokole wangu ili ya kwangu ibaki ya kuongelea. Alinipa kwa sharti kwamba na yeye atazame, eti aombee chumba. Bwana wa upanga, badala ya kukimbia, akapiga magoti mbele ya mwavuli. Wewe nani? Unataka nini? Mwavuli ukamjibu kwamba mwenye nyumba wa zamani aliuacha mlangoni, akasema anarudi sasa hivi. Mvua nyingi zimenyesha tangu siku ile. Haukuwa na nia ya kumtisha mtu. Ulikuwa unakwenda kizingitini kumpokea.

Mlokole akafuta macho kwa ncha ya leso, akasingizia vumbi. Mimi nikajikaza kwa mzaha, ndio ugonjwa wangu. "Haya, na wewe pepo wangu wa Tanga," nikasema, "unataka nini? Marashi? Halua?"

"Halua sitaki."

"Soda ya baridi?"

"Nataka uje," akasema. "Hii nilishaitazama zamani. Nilikuwa nangoja uifikie."

Nikamwambia nitakuja. Akauliza, kuja kweli au kuja kama mwaka jana. Swali hilo halikuwa la kujibiwa kwa mdomo, kwa hiyo Jumapili nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia nimebadili shauri, nikajaza fomu ya likizo. Penye sababu niliandika kwamba naitwa nyumbani. Akauliza nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa, naitwa tu.

Jumamosi nikampigia mtoto kumtajia siku ya kufika. Alinihoji kuhusu ndege, kuhusu saa, na kama bado nina nywele zile zile. Nyuma yake nikamsikia mama yangu akiomba simu anisalimie.

"Ngoja bibi," mwanangu akamwambia. "Bado tunaongea."