Pikipiki Iliyougulia Nyumbani

Pikipiki ile ilikuwa inapona gereji na kuugua nyumbani. Kwa fundi inanguruma vizuri, hata wapita njia wanageuka. Ukiikokota kurudi uani ukaiegesha chini ya dirisha la chumba cha cherehani, kesho yake unapiga kiki mpaka goti linakataa, nayo kimya. Mama Mapacha alikwishakata shauri: mwizi ni fundi.

"Anafunga spea zilizochoka makusudi," alimwambia mumewe, "ili turudi kila siku kumtajirisha."

"Ndio zao hao," akajibu Baba Mapacha bila kugeuza kichwa. "Iache tu. Pikipiki yenyewe imezeeka."

Sasa hilo la kuiacha ndilo lililomkera. Mumewe aliiendesha pikipiki hiyo tangu mapacha hawajaota meno, na sasa mapacha wana watoto wao huko mbali. Yeye anashona, mume anapeleka nguo kwa wateja. Ndivyo nyumba ilivyokwenda miaka yote. Tangu mwaka jana pikipiki ilipoanza visa vyake, Mama Mapacha anabeba mafurushi mwenyewe na kurudi miguu imevimba, na mwanamume kakaa na redio yake. Halafu alasiri anaaga kwamba ananyoosha miguu. Anakwenda peke yake, taratibu, na ukimwambia msindikizane anasema ana mawazo. Mawazo gani hayo yasiyotaka mke? Lakini akaanza na fundi kwanza. Huyo wa pili angemfikia.

Fundi aliitwa Spana, mtu mwembamba mwenye kicheko cha upande mmoja, na kwa Mama Mapacha kicheko cha namna hiyo ni ushahidi tosha. Alikwenda gereji na kigoda chake, akakiweka kando ya pikipiki, akakaa.

"Mama, hapa utachafuka," Spana akasema.

"Nimelea mapacha. Fungua nione."

Spana akafungua. "Leo ni kofia ya plagi, imechomoka. Safari ile ilikuwa koki ya mafuta, imefungwa. Mimi sijui nyumbani kwenu kuna nini, mama."

"Kuna macho," akajibu, wala hakuyabandua yake kwenye mikono ya fundi.

Basi ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi. Kila alichoshika Spana alitaka kujua kinaitwaje na kinafanya nini, asije akapigwa changa la macho. Na hapo ndipo likatokea asilolitegemea: akapenda. Injini, alipoizoea, aliiona ndugu ya cherehani. Inataka mafuta yake, inataka kukazwa kwa kiasi, na ukiisikiliza inakuambia inapoumia. Akajifunza kusafisha plagi, akajifunza kukaza cheni, akafungua kabureta na kuirudisha bila kubakiza skrubu. Mtu mwenye wajukuu, analala akiwaza kabureta. Nyuma ya gereji palikuwa na kiwanja kitupu, na huko Spana akamkalisha juu ya pikipiki. Mara ya kwanza aliishia kwenye rundo la matairi kuukuu.

"Breki ipo mguu wa kulia, mama," Spana akasema akimvuta kutoka matairini. "Na kesho itakuwa hapo hapo."

Haukupita muda, akawa anakizunguka kiwanja kwa gia zote, gauni kalifunga magotini. Nyumbani hakusema neno. Mumewe naye akaanza kunusanusa.

"Unanuka petroli."

"Nasafisha cherehani."

"Kila siku?"

"Si inashona kila siku?"

Mama Mapacha aliona kabisa kwamba hakuridhika. Wakawa watu wawili wanaochunguzana juu ya meza moja, huku wakikaribishana chai kwa adabu.

Pikipiki ilipougua tena, hakuipeleka kokote. Alingoja mumewe aende kunyoosha miguu, akachukua bisibisi na koleo, akapiga magoti uani. Plagi nzima. Koki wazi. Akachomoa paipu ya mafuta; hata tone halikutoka. Akaingiza sindano ndefu, akavuta. Kikaja kipande cha kitambaa kilichosokotwa vizuri: bitana nyekundu.

Akakaa chini. Bitana ile ilikuwa ya gauni jekundu la mteja. Aliikata juzi mezani kwake, na vipande bado vilikuwa kwenye kapu chini ya cherehani. Spana hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba kile. Nyumba ina watu wawili, na mmoja ndiye huyo aliyekaa pale na petroli mikononi.

Iliuma, tuseme ukweli. Mwizi wa spea unamtukana, mambo yakaisha. Lakini mume anayeharibu chombo chake mwenyewe ili asimbebe mkewe, huyo ana mtu. Anakwenda kwa mguu ili isisikike anaishia mlango gani. Miaka yote ile, jamani. Akalia kidogo, akafuta macho kwa mkono wenye petroli, akazidi kulia. Kisha akarudisha paipu, na kitambaa akakitia mfukoni.

Asubuhi akamwambia, "Baba Mapacha, nipeleke kwa mteja. Gauni limekwisha."

"Pikipiki si mbovu?"

"Jaribu."

Mzee akatoka bila wasiwasi, mkono ukipapasa ukuta, akapanda, akapiga kiki kama mtu anayetimiza wajibu. Ikawaka. Akaganda pale juu, injini ikinguruma, kisha akaizima haraka.

"Inagonga," akasema. "Husikii? Hii haifai kutoka."

"Haigongi. Nimeitengeneza mwenyewe jana."

"Wewe?"

Mama Mapacha akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kitambaa, akakibana kiganjani mwa mumewe. "Na hiki nimekitoa kwenye paipu ya mafuta. Ni nini?"

Vidole vya mzee vikakisugua. "Bitana," akasema kwa sauti ndogo.

"Ya gauni lipi? Sema, halafu uniambie huyo mwanamke anakaa wapi."

"Mwanamke gani?" Akakisogeza kitambaa karibu kabisa na pua, akakigeuza huku na huku. "Ni ya lile jeupe," akasema.

Mama Mapacha alikuwa amefungua kinywa ampashe. Jeupe? Kitambaa chekundu kile? Akakumbuka sindano: miaka yote mumewe ndiye aliyemtungia uzi, na tangu mwaka jana kila akiombwa ana shughuli. Akakumbuka jirani aliyelalamika kwamba kapitwa bila salamu. Ukuta ule, mwendo ule wa taratibu. Hasira ilikuwapo bado, tena nyingi, ila sasa hakujua aipeleke wapi.

"Sogea nyuma," akasema.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya kiti. Naendesha mimi."

Siku nyingine angebisha mpaka jua lizame. Akasogea. Mama Mapacha akafunga gauni magotini, akapiga kiki, akaingiza gia ya kwanza, wakatoka getini. Mikono ya mzee ikatafuta pa kushika, ikaishia kiunoni kwake.

"Kumbe ndiyo petroli yenyewe," akasema mgongoni. "Nilishamchukia Spana bure."

"Hata mimi. Nyamaza, nasikiliza injini."

Walipofika njia panda akasimama. Kulia ni kwa mteja, kushoto ni hospitali. Kwa mazoea yake ya udereva, mzee aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. Pikipiki ilikuwa inatikisika chini yao.

"Sioni, mama," akasema mwisho. "Angalia wewe."

Akaangalia. Kisha akakata kushoto.