Chakula Kilichopanda kwa Kamba

Saa saba mchana, Mama Mawingu anafunga mfuko wa chipsi kwenye kamba. Anavuta fundo kuhakikisha limekaza, kisha anampungia mkono Baba Pacha, mwenzake aliye juu ya winchi. Mfuko unapanda taratibu, unapita ghorofa moja baada ya nyingine, mpaka harufu ya mafuta inapotea puani.

"Roho inaniuma," anasema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Najua ninachompelekea."

Anajua vizuri. Kiti cha juu kilikuwa chake kwa miaka sita, na wajenzi wenzake ndio waliompa jina hilo la mawinguni. Mwendesha winchi hashuki mchana. Akishuka, zege linangoja na mafundi wote wanakaa. Basi chakula humfuata kwa kamba. Na chakula cha kamba hakitakiwi kiwe na mchuzi, wala kihitaji mikono miwili. Kinachobaki ni cha kukaanga: chipsi, kuku, soseji, na soda ya kushushia.

"Asubuhi chipsi, mchana chipsi. Maji nilikuwa sinywi, maana choo kiko chini," anasema huku akicheka. "Nikajiona mjanja kweli."

Ujanja huo ulimla kimyakimya. Theluthi nzima ya mshahara wake ilikuwa ikiishia kwa mkaanga chipsi wa getini, lakini kwa kuwa ilitoka kidogo kidogo, wala hakuisikia ikiondoka. Mumewe, fundi cherehani, aliziona dalili mapema asijue kuwa ni dalili.

"Kila baada ya miezi michache nampanulia suruali kiunoni," anasema mume huyo. "Mimi nikadhani ndoa imemkubali."

Mapema mwaka huu kizunguzungu kilimpata akiwa juu, shehena ya matofali ikining'inia kwenye ndoano. Aliwahi kuiteremsha salama, kisha akashindwa kuinuka kitini. Wenzake walipanda kumchukua, wakamshusha amefungwa mgongoni kwa mtu. Hospitali walikuta presha iko juu mno na kisukari kinamnyemelea.

Kibali chake cha kupanda kikasimamishwa. Akapewa kazi ya kufunga mizigo chini, kwa nusu ya mshahara wa zamani, na nusu hiyohiyo ndiyo inunue dawa na kulipa ada ya binti yao.

Siku za kwanza alilia. Baadaye akapandwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomwamsha. Sasa anajipikia kabla hakujapambazuka, anabeba mboga zake kwenye bakuli lenye kifuniko, na kabla ya kazi anapanda ngazi za jengo huku akihema. Mkaanga chipsi amenuna.

"Ananiuliza, dada, nimekukosea nini? Nikamwambia, hujanikosea, kaka. Za miaka sita zinanitosha."

Alhamisi anapimwa tena. Presha imeshaanza kushuka, na akifaulu, kiti ni chake. Lakini mwanzoni mwa wiki alimfuata msimamizi na kumwekea sharti: harudi juu bila nusu saa ya kushuka kula.

"Winchi ikisimama, jengo limesimama," msimamizi alimjibu. "Wapo wanaokitaka kiti hicho bila masharti."

Hilo linamnyima usingizi. Akikataliwa, atabaki chini na nusu yake ya mshahara. Hata hivyo hajalegeza msimamo. Jana, baada ya kazi, alimkalisha Baba Pacha na kumweleza kila kitu, mpaka bei ya vidonge. Mtu huyo, ambaye ndiye angefaidika kwa kubaki na kiti Mama Mawingu akikataliwa, akasema naye ataidai nusu saa hiyo.

"Sasa tuko wawili, na hapa hakuna mwendesha winchi wa tatu," anasema Mama Mawingu. "Alhamisi napima. Ijumaa tunaingia ofisini kwake pamoja, mimi na Baba Pacha. Na tutaingia saa ya kula."