Dereva Aliyenyamaza Usingizini

Juzi, nikisubiri zamu yangu katika zahanati binafsi iliyofunguliwa mtaa wa Majengo, dereva wa basi la Tunduru alisinzia kwenye benchi akisubiri kuitwa. Alikoroma, kisha akanyamaza kabisa, kifua hakipandi. Nilisimama kwa hofu. Mkewe alimtikisa bega mpaka akavuta hewa kwa kishindo.

“Kila siku hivi,” yule mke aliniambia. “Mwenyewe anasema namsingizia.”

Daktari alikuwa mlangoni, ameona yote.

“Mzee, pumzi yako inakatika usingizini. Punguza mwili, acha pombe, lala kiubavu. Na usiendeshe mpaka nikuruhusu.”

“Na abiria wangu?”

“Hao ndio ninaowafikiria.”

Dereva alimkabidhi mkewe funguo za basi, polepole.

Mimi sijatulia bado. Wiki iliyopita nilisafiri kwa basi lake, yeye akiendesha, nikalala njia nzima.